Dobi Aliyeomba Uchafu

Wateja walimwita Bi Madoa, ila si usoni mwake. Mwanamke yule alikuwa na jicho. Ungempelekea shati umelikunja na kulifungia ndani ya mfuko, yeye angelitoa, angelikung'uta mara moja hewani, kisha angekuambia kwamba juzi ulikula mchuzi umesimama. Kazi yake ilikuwa udobi, na aliifanya uani kwake tangu ujana, penye masinki ya zege, kamba za kuanikia na kibanda cha kupigia pasi. Mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, magauni ya maharusi, yote yalipita mikononi mwake, na yote yalirudi kwa wenyewe yakiwa meupe kuliko siku yalipotoka dukani.

Sasa, mtu anayeuchukia uchafu kiasi hicho hafungi kazi jioni. Huingia nayo ndani. Katika sebule yake ungeweza kumpasua mtu tumbo na kumshona, na kidonda kisitunge usaha. Makochi yalivaa vitambaa, vitambaa vikavaa nailoni, na juu ya nailoni palitandikwa taulo za kukalia. Mumewe, ambaye barabarani alijulikana kama Mzee Gia, alikuwa amestaafu udereva wa malori na kurudi nyumbani moja kwa moja, baada ya umri mzima wa kulala ndani ya kabini inayonuka dizeli. Alifika, akakaa. Akaambiwa anyanyue miguu, panapigwa deki. Akainyanyua. Alipoishusha, akaambiwa ainyanyue tena, kwa sababu aliishushia pale pale penye majimaji. Mwanzo alivumilia. Baadaye akaanza kupotea kila siku baada ya chai, na kuonekana tena jua likizama.

Bi Madoa hakuwa mjinga. Mume akipotea kila siku, mke hufuatilia. Wengine hukuta mke mwenza. Yeye alikuta kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda kwenye kona ya mtaa: viti vya kunyolea, kioo chenye ufa, benchi la wanaosubiri, na pembeni ya benchi tangi la samaki. Mzee Gia alikuwa amekaa benchini, yeye ambaye kichwa chake kiliota upara tangu watoto wao wakiwa shule ya msingi. Kikombe mkononi, macho kwenye tangi, mdomo unasimulia, na watu wanacheka mpaka kinyozi anazima mashine asije akamkata mteja sikio. Bi Madoa alisimama ng'ambo ya barabara akaangalia. Hakuumia kwa sababu mumewe alikuwa na raha. Aliumia kwa sababu raha ile hakuwahi kuiona nyumbani kwake. Wivu ni wivu, hata ukiwa wa kinyozi.

"Unafuata nini kule?" alimuuliza jioni hiyo. "Nywele zenyewe huna."

"Naangalia samaki," mzee alijibu. "Wanatuliza moyo."

"Samaki?"

"Samaki, mke wangu. Wanazunguka tu humo. Hawakwambii unyanyue mguu."

Hilo la mwisho lilimchoma, lakini alilimeza. Alikuwa amemsubiri mtu huyu miaka nenda miaka rudi, akimpokea ovaroli zilizoloa grisi, akimfulia na kumfungashia nyingine, na lori likiondoka akibaki kusikiliza mngurumo mpaka upotee. Leo amerudi moja kwa moja, halafu uzee wake akautumie kwa kinyozi? Haiwezekani. Bi Madoa alitaka kitu kimoja tu, mumewe akae nyumbani. Na kama dawa ni samaki, basi samaki watakuja, tena wazuri, tena katika maji ambayo kinyozi hajawahi kuyaota. Kwani kesho yake, akipita, alilichungulia lile tangi la kibandani. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyorudiwa majani ya jana, kioo kilikuwa na utando wa kijani, na juu zilielea, Mungu amsamehe, nywele za watu.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa la mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu mkuu na paka aliyelala juu ya kifuniko cha tangi, mchana kutwa, akiota ndoto unazoweza kuzikisia. Bi Madoa alichagua tangi kubwa kuliko la kinyozi, akachagua chujio, changarawe nyeupe, kisha akaanza kunyooshea samaki kidole.

"Hao si leo, mama," mwenye duka alisema. "Tangi jipya halitiwi samaki papo hapo. Lijaze maji, washa chujio, dondoshea chembe za chakula, uliache wiki kadhaa. Maji lazima yakomae."

"Yakomae? Ni ndizi?"

"Sikiliza, dada yangu. Samaki anakula humo na kujisaidia humo. Kile choo chake kinatoa sumu. Sasa kuna vijidudu vizuri, hivyo ndivyo vinavyokula sumu. Lakini havinunuliwi. Vinaota vyenyewe, polepole, kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe. Mpaka viwe vingi..."

Bi Madoa alikuwa ameshaacha kusikiliza kwenye neno vijidudu. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna vijidudu vizuri, na hakuona sababu ya kuanza kuamini leo, tena kwa mtu anayefuga paka na samaki chumba kimoja.

"Nitavishughulikia," alisema.

Mwenye duka alidhani ameeleweka, akamuuzia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Ubaya ni kwamba katika habari hii waliovunjika ni samaki, ambao hata miguu hawana.

Nyumbani Bi Madoa alikunja mikono ya gauni. Changarawe aliichemsha ndani ya sufuria ya mashuka, akaikoroga kwa mwiko wa kufulia mpaka ikalia. Tangi alilisugua kwa dawa ya kung'arishia, ile kali inayotoa machozi, akalisuuza, akalinusa, akalisuuza tena. Alilijaza maji ya bomba, akawatia samaki siku hiyohiyo, akasimama kando mikono kiunoni. Maji yalikuwa meupe pe, samaki ungedhani wananing'inia hewani. Asubuhi yake Mzee Gia alipokuja kunywa chai alikuta taa ya tangi inawaka, na kofia aliyokwisha kuishika mkononi akairudisha msumarini.

Alivuta kiti akakaa karibu. Samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye doa jeusi mkiani, alimfuata kila alipoinamia, kulia na kushoto, akimchungulia kiooni.

"Huyu ni Utingo wangu!" mzee alishangilia. Utingo wa lori ndiye anayeruka chini dereva anaporudi nyuma, akakaa kando na kupiga kelele njoo, njoo, kata kushoto, na madereva wa zamani huwakumbuka matingo wao kuliko wakwe zao. "Ona anavyonichungulia. Njoo, njoo, simama hapo! Mke wangu, umefanya jambo."

Siku ile kinyozi alinyoa peke yake. Bi Madoa aliimba sinkini mpaka mpiga pasi wake akatoka kibandani kuangalia kuna nini.

Kipya kinyemi. Haukupita muda, maji yakaanza kuingia ukungu, kama maji uliyooshea mchele. Kwa mwenye duka la samaki ukungu ule ungekuwa dalili kwamba vile vijidudu ndiyo kwanza vinahamia na virago vyao. Kwa Bi Madoa ulikuwa uchafu, na uchafu katika nyumba yake haukuwahi kuona machweo. Aliwatoa samaki akawatia ndooni, akamwaga maji yote, akasugua vioo, akachemsha changarawe upya. Sponji ya chujio aliifua kwa sabuni na maji ya moto, akaikamua, akaianika kambani kwa vibanio, katikati ya foronya za nyumba ya wageni. Jioni maji yalikuwa meupe pe. Baada ya siku chache ukungu ukarudi, na yeye akarudi na ndoo.

Asubuhi moja alipowasha taa, Utingo alikuwa amelala ubavu juu ya changarawe nyeupe, hachungulii mtu.

Hapa inabidi iwekwe wazi siri ya udobi, na madobi watasamehe. Hakuna dobi ambaye hajawahi kuunguza shati la mtu. Dobi mpumbavu hukiri. Dobi mwenye akili hukimbia sokoni, akatafuta pacha wa lile shati, akang'oa vifungo vya zamani akavishonea kwenye jipya, akalifua mara kadhaa lichoke kidogo, na mwenye shati huondoka akisema asante. Bi Madoa alikuwa amefanya hivyo mara chache sana, na hakuna mteja aliyewahi kushtuka. Basi mzee akiwa bado anakoga, yeye alikuwa mbio njiani, aproni kiunoni, kwenda kutafuta pacha wa Utingo.

Mwanamke aliyetumia maisha yake kutafuta doa ili aliondoe, siku ile alipita tangi baada ya tangi akitafuta samaki mwenye doa.

"Yule wa juzi amekufa?" mwenye duka aliuliza.

"Hajafa. Anataka mwenziwe."

"Mwenye doa palepale?"

"Wanapenda kufanana."

Paka alifungua jicho moja, akamtazama, akalifunga.

Alimtia pacha tangini sekunde ileile mzee alipokuwa anavuta kiti. Kisha, kwa kuwa hakuweza kurudi sinkini bila kujua kama ameumbuka, alivuta kiti chake na yeye, akakaa. Mikono ilikuwa bado na maji, akaificha chini ya aproni. Mzee aliinama, akamtazama samaki, akamtazama sana, kisha akamtazama mkewe.

"Utingo leo amenenepa," alisema.

"Ni chakula kizuri."

"Eeh. Anakula vizuri."

Akaegemea kiti na kuanza kumsimulia habari ya utingo mmoja wa zamani aliyenenepa safarini mpaka mlango wa kabini ukagoma kufungwa. Bi Madoa alikuwa anamchunguza usoni kuliko alivyosikiliza, ila mwishoni akajikuta anacheka. Chai ilipoa. Alirudi kazini ameshusha pumzi, akajipongeza kwa ufundi.

Ufundi huo ulimgharimu. Utingo wa pili hakudumu, na wa tatu alikuja na doa upande usiostahili.

"Doa limehamia kulia," mzee alisema.

"Samaki hugeuka."

"Kweli. Hugeuka."

Na Bi Madoa alikaa naye tena, na safari nyingine tena, kila mara mpaka ahakikishe. Aliongeza bidii. Kama samaki wanakufa katika maji safi, alijiambia, basi hayajawa safi vya kutosha. Akabadilisha maji mara nyingi zaidi, akafua sponji mara nyingi zaidi, mpaka ile sponji ikawa nyeupe kuliko vitambaa vya hotelini. Ndipo asubuhi moja akakuta samaki wote wamepanda juu, midomo nje, matamvua yanapepea, wanahema kama watu waliopandishwa mlima na mizigo.

Mzee Gia aliwatazama muda mrefu bila utani. "Leo sina raha ya kuwaangalia," alisema. Akachukua kofia msumarini. "Ngoja nikatembee."

Bi Madoa alijua matembezi yale yanaishia benchi gani. Alimwangalia akitoka getini, mgongo wake ule aliouona ukiondoka mara zisizo idadi, na safari hii hakukuwa na lori la kulilaumu. Alikimbilia dukani.

"Sikuuzii," mwenye duka alisema kabla hajafungua mdomo. "Huko kwako sasa ni kuwapeleka kuuawa. Unaosha sponji?"

"Kila mara."

Mwenye duka alijishika kichwa. "Sasa nisikilize mpaka mwisho. Njia ya mkato iko moja. Tafuta tangi la zamani, lililokomaa. Omba kipande cha sponji yake, chafu hivyohivyo, uikamulie kwako. Mimi matangi yangu nimeyatia dawa ya ugonjwa juzi, imeua vijidudu vyote, sponji zangu hazina kitu. Lakini yule kinyozi wa kona, tangi lake lina miaka mingi. Nenda kwa kinyozi."

Afadhali angeambiwa aende kaburini. Lakini mficha uchi hazai. Mzee aliporudi kula na kulala usingizi wa mchana, Bi Madoa alichota maji ya tangi lake ndani ya chupa ya jamu, kwa kuwa bado alikuwa na tumaini la siri kwamba atashinda kesi, akaenda.

Kinyozi alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu. "Karibu, shemeji! Mzee ametoka hapa muda si mrefu."

Alimwita shemeji tangu siku ya kwanza, kwa urafiki wake na mzee. Bi Madoa yeye alikuwa akimwita "wewe kinyozi."

"Sikumfuata mzee. Samaki wangu wanahema."

Kinyozi aliweka mashine chini. Akatoa kwenye droo vichupa viwili vya kioo na dawa ya matone. Kichupa kimoja alikijaza maji ya Bi Madoa, cha pili maji ya tangi lake mwenyewe, akadondosha matone kote kuwili. "Ikibaki njano, salama," alisema. "Ikienda kijani, ni sumu."

Walisubiri wote, na mteja wa nusu kichwa akageuza kiti kabisa aone. Maji ya kinyozi, yale ya rangi ya chai, yaliyopitiwa na nywele za mtaa mzima, yakabaki njano kama ndizi mbivu. Maji ya Bi Madoa, meupe, yanayong'aa, yasiyo na hata chembe, yakaanza kubadilika, yakabadilika, yakawa kijani cha majani ya mboga. Bi Madoa aliyatazama kama mtu anayetazama mtoto wake akishikwa na polisi.

"Sponji unaiosha na nini, shemeji?"

"Sabuni," alijibu kwa sauti ndogo. "Na maji ya moto. Halafu naianika."

Mteja wa nusu kichwa alicheka mpaka akajifunika shuka la kunyolea usoni. Kinyozi alijizuia, ingawa mabega yalimtetemeka. "Vile vijidudu vinahamia, vinaanza kujenga, hata bati havijapiga, wewe huyo unaleta greda. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, shemeji. Mimi nilinyolewa mbele ya mtaa mzima, samaki waliniishia wote mwanzoni. Ungeniuliza tu."

"Nisingekuuliza wewe," alisema, na kwa kuwa alikuwa amechoka, ukweli wote ukamtoka. "Ulikuwa umenichukulia mume."

Mteja alifunua uso.

"Nipe huo uchafu," Bi Madoa alisema. Neno lenyewe lilimkwaruza kooni. "Tafadhali, shemeji."

Kinyozi aliliona lile shemeji lilivyopita kwa shida, na hakulifanyia mzaha. Alilitazama benchi. "Unajua watu wangapi wanakuja hapa kumsikiliza yeye tu? Wengine hata nywele hazijaota, wanakuja. Samaki wako wakipona, mimi nitabaki na redio." Akapandisha mkono wa shati, akauzamisha ndani ya tangi, akatoa sponji nyeusi inayodondosha tope, akaikata kipande kikubwa kwa wembe mpya. "Chukua. Usiifunike, usiisuuze, usiinuse. Ikamulie ndani, kisha iweke kwenye chujio lako. Punguza maji kidogo tu, ujazie yaliyolala ndooni tangu jana. Chakula kiduchu. Halafu mikono yako, shemeji, iweke mbali."

"Niiweke wapi?"

"Popote. Ukae chini. Usifanye kitu."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu!" kinyozi na mteja walijibu kwa pamoja.

Basi mtaa ule ukaona kioja. Bi Madoa mwenyewe, mchana kweupe, amebeba kitu cheusi viganjani kama mtu aliyeokota kifaranga, na tope linamtiririka kwenye aproni nyeupe mpaka magotini. Mteja wake mmoja aliyekuwa akija na suti alimpisha njia bila salamu, akidhani kuna msiba.

Mbele ya tangi alijikaza kisabuni. Alifumba macho, akakamua. Wingu la kahawia likafumuka ndani ya maji yake meupe, likazunguka, likashuka juu ya changarawe, likajaa kila pembe. Akaweka kipande ndani ya chujio, akapunguza maji, akajazia. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitambaa cha kufutia, akaurudisha. Ukaenda tena. Akavuta kiti, akaikalia mikono yote miwili.

Hivyo ndivyo Mzee Gia alivyomkuta alipoamka. Alilitazama tangi lenye tope, akaitazama aproni yenye madoa, akamtazama mke wake aliyekalia mikono. Akavuta kiti cha pili.

"Mzee," Bi Madoa alisema bila kugeuka, "kuna jambo. Utingo huyu si Utingo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba si yeye. Na yule aliyemtangulia hakuwa yeye."

Bi Madoa aligeuka. "Tangu lini?"

"Tangu ulipombadilisha wa kwanza, mke wangu! Mimi matingo ndio walionilinda nisitumbukie korongoni, nitashindwa kumtambua wangu? Wa kwanza doa lilikuwa mkiani. Wa pili alikuwa mnene, wa tatu doa lilikuwa kulia. Huyu wa sasa sijui hata kama ni ukoo mmoja."

"Na ukanyamaza. Ukaniacha nikimbie mitaani na mifuko ya samaki kama mwendawazimu."

Mzee alikuna upara wake. Alionekana kama mtu anayetafuta pa kupitisha lori kwenye njia nyembamba. "Kila ukimbadilisha," alisema, "unakuja kukaa hapa. Unaacha nguo za watu, unavuta kiti, unaniangalia usoni uone kama nimegundua. Unasikiliza hadithi zangu. Hata unacheka. Nikaona nikisema nimejua, utainuka uende zako sinkini." Alishusha sauti. "Ikafika mahali nikawa nasubiri afe mwingine. Mungu anisamehe, nilikuwa nawaombea."

Kicheko kilimjia Bi Madoa kwanza, kikubwa, cha tumboni, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, na mikono aliyoikalia ikabidi aitoe ili ajifute. Alimpenda mtu huyu. Alikuwa amempenda muda wote, kwa sabuni na pasi, na hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupendwa hivyo mchana kutwa na bado akakosa wa kuongea naye.

"Na kule kwa kinyozi?" aliuliza. "Si ulisema unaangalia samaki?"

"Samaki gani, mke wangu? Huoni kitu kwenye maji yale. Kule naongea, mtu anasikia."

Wingu la kahawia lilikuwa limeanza kutua. Samaki mmoja aliacha kuhema juu, akashuka taratibu mpaka chini, akaanza kudonoa changarawe iliyochafuka kana kwamba amefika nyumbani. Mwingine akamfuata. Mzee aliwatazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi sana.

"Sasa hawa wakipona," alisema, "itakuwaje?"

Hakuuliza kwa utani. Kutoka uani mpiga pasi alikuwa anaita. Mtu wa nyumba ya wageni amefika, kuna shuka lina doa, mama aje alione mwenyewe kabla halijakauka.

Bi Madoa alishika taulo lililokuwa limetandikwa juu ya kiti cha mumewe, akalivuta, akalitupa sakafuni, akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Nitakaa," alisema. "Hata wasipokufa."

Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani: "Mwambie aliache hapo! Naongea na mume wangu."